Nilivyolinda senta yetu kule Teso mwaka 2003

MlinziWaYadi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni mlinzi wa yadi ya malori hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kwetu ni Uganda, Teso, kaskazini mwa mji wa Soroti. Senta yenyewe sitaitaja, maana watu nitakaowasimulia bado wanaishi pale na wengine hawapendi kuulizwaulizwa.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni hiki. Tarehe 9 na 10 Septemba 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ilikaa kusikiliza mashtaka 39 dhidi ya Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, mwenyewe hajakamatwa mpaka leo. Madereva walikuwa kwenye benchi letu wakisikiliza kwa simu. Ikatajwa Shule ya Wasichana ya Lwala. Kijana mmoja, mtu wa Mombasa, akaniuliza, "Mzee, Lwala ni Gulu?" Nikamwambia hapana, Lwala wakati ule ilikuwa wilaya ya Kaberamaido, ni kwetu Teso. Akashangaa. "Kwani Kony alifika Teso?"

Watu wake walifika, mdogo wangu. Na waliowatoa walikuwa vijana wa rika lako, wengine na pinde, tuliitwa Arrow Boys, yaani vijana wa mishale. Nitaandika kidogo kidogo, kila lindo linapotulia. Naomba mnivumilie.

Kwa wasiojua: vita vya LRA vilianza kwa Waacholi, upande wa Gulu, mwishoni mwa miaka ya 1980. Sisi tulivisikia redioni tu, zaidi ya miaka 15. Machi 2002 jeshi la Uganda liliingia kusini mwa Sudan kuvunja kambi za Kony, operesheni iliyoitwa Iron Fist. Waasi wakapenya, wakarudi Uganda, wakatawanyika. Mwaka uliofuata wakageukia mashariki. Tarehe 15 Juni 2003, siku ya Jumapili, wakaingia Obalanga, kwetu Teso.

Habari zilipotufikia hatukujua ni wao. Tulidhani ni Wakaramoja. Wale tulikuwa tumewazoea kwa ubaya, ndio waliotumaliza ng'ombe miaka ya 1980, mpaka Teso iliyokuwa ikilima kwa plau tangu enzi za babu zetu ikarudi kushika jembe la mkono. Mkaramoja akija unajua anataka nini: unakimbiza ng'ombe kinamasini, unalala huko, asubuhi unarudi. Kwa hiyo siku ile watu wa kwetu walifanya vile vile. Waliwaficha ng'ombe, wakawaacha watoto nyumbani.

Hawa hawakuja kutafuta ng'ombe. Walikuja kuchukua watoto.

---

Dereva_wa_Usiku

Mkuu, hiyo sentensi ya ng'ombe na watoto nimeisoma mara tatu. Endelea, tupo.

---

BintiKumi

Kaka, mimi natoka mji wa Kumi. Nilikuwa darasa la sita. Nakumbuka watu wakipita daraja la Awoja wamebeba magodoro kichwani, kuku wamefungwa miguu, wazee wanasukumwa kwenye baiskeli. Mama alifungua ghala la muhogo akasema kila anayepita apewe. Ghala lilikwisha kwa siku mbili.

---

MlinziWaYadi

BintiKumi, mama yako abarikiwe. Huenda ndugu zangu walikula muhogo ule.

Naendelea. Siku tisa baada ya Obalanga, tarehe 24 Juni, wakaingia Lwala wakabeba wasichana wa shule, makumi kwa makumi. Hapo ndipo Teso nzima ilipoelewa. Mji wa Soroti, uliolala chini ya ule mwamba mkubwa, ukafurika. Kila varanda ya duka, kila darasa, kila kanisa kulikuwa na watu. Redio ya mjini iliyokuwa ikitangaza waasi wamefika wapi ilifungwa mwezi huo huo, kwa hiyo tukabaki kuuliza wapita njia.

Mama alienda Soroti na wadogo zangu wanne. Mimi nilikuwa na miaka 19, nimeacha shule kidato cha tatu kwa kukosa karo. Nilibaki. Siwezi kusema nilibaki kwa ushujaa. Mjomba wangu alinishika mkono akasema, "Wewe hutoki. Mkitoka wote, mtarudi wapi?"

Huyu mjomba inabidi niwaeleze, maana bila yeye hamtaelewa Arrow Boys walitoka wapi. Kati ya mwaka 1987 na 1992 Teso ilikuwa na waasi wake, waliitwa UPA, Uganda People's Army, wakipigana na serikali hii hii. Mjomba alikuwa mmoja wao. Vita vile vilituumiza vibaya. Kule Mukura, mwaka 1989, askari wa serikali waliwafungia wanaume wetu kwenye behewa la treni, 69 wakafa kwa kukosa hewa. Mjomba alikuwa na rafiki yake mle ndani. Tangu siku ile hakuwahi kumsalimia mtu mwenye sare.

Sasa mwaka 2003 serikali ile ile ikasema: wananchi wa Teso, chukueni bunduki mjilinde. Aliyepewa kuongoza vijana ni Musa Ecweru, naye alikuwa UPA zamani. Mike Mukula, waziri mdogo wa afya wakati huo, akawa mratibu. Waasi wa jana wakaitwa walete ujuzi wao. Nilimuuliza mjomba usiku ule kama amesahau Mukura. Alikuwa anachonga ncha ya mshale kwa msumari wa inchi sita, hakuinua kichwa. Akanijibu, "Sijasahau hata jina moja. Lakini hao wanaokuja hawatauliza nani alikufa Mukura." Asubuhi akapiga saluti kwa mwanajeshi, mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona akifanya hivyo, na mkono ulikuwa unamtetemeka.

---

Mwalimu_Mstaafu

Asante kwa kuitaja Mukura. Vijana wengi hawaijui. Swali langu: mlifunzwa kwa lugha gani? Nauliza kwa sababu Kiswahili chako ni safi kuliko cha Waganda wengi niliowafundisha.

---

MlinziWaYadi

Mwalimu, kwa Kiswahili hiki hiki. Afande aliyeletwa kutufunza alitoka magharibi ya nchi. Hajui Kiteso, sisi hatujui lugha ya kwao, na jeshini Uganda amri ni Kiswahili. Lakini ujue kwetu Kiswahili kilikuwa na jina baya. Ilikuwa lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani, lugha ya "lete kitambulisho, lala chini". Bibi yangu alikuwa akisikia Kiswahili anazima moto.

Mafunzo yalikuwa wiki tatu. Alfajiri tunakimbia, mchana kwata, jioni kulenga shabaha bila kufyatua, kwa sababu risasi zilikuwa za kuhesabu. Tulianza bunduki moja kwa watu watatu. Wawili waliobaki wana pinde, mikuki, mapanga. Nilipewa risasi kumi, na kila asubuhi nilizimwaga kwenye kofia mbele ya mjomba, akazihesabu. Ukileta tisa, uwe na maelezo.

Sare hazikuwepo. Tulivaa tulivyotoka nyumbani: kaptula, shati la shule, kandambili za tairi. Na hapa kuna jambo ambalo mtu wa mjini hawezi kulijua, ni la nyayo. Waasi wengi walivaa gambuti, yale mabuti ya mpira. Unyayo wa gambuti kwenye udongo wa mvua unaonekana vizuri sana, mistari yake imekaa kama meno ya kitana. Mjomba alitufundisha kuusoma. Ukingo ukiwa mkali, mtu kapita sasa hivi. Ukiona umande umeingia ndani ya alama, kapita usiku. Kisigino kikizama kuliko kidole, amebeba mzigo. Na kukiwa na nyayo ndogo za miguu mitupu katikati, zimefuatana mstari mmoja kwa umbali ulio sawa, hao ni watoto waliofungwa kamba kiunoni.

Mara ya kwanza nilipoona nyayo zile nilikaa chini nikashindwa kuinuka. Kulikuwa na mguu mmoja mdogo sana, haufiki urefu wa kiganja changu.

---

Dereva_wa_Usiku

Mkuu, LRA walikuwa wazoefu wa msituni. Nyinyi wiki tatu na pinde. Mliwezaje?

---

MlinziWaYadi

Nitakujibu kama nilivyoona mimi, siyo kama jenerali.

Kwanza, sisi tulikuwa nyumbani. Upande wetu wa Teso ni tambarare, huoni kilima cha kupanda uone mbali, lakini ina vichuguu vikubwa kuliko nyumba na vinamasi kila upande. Mgeni akifika kinamasini anakizunguka. Sisi tunajua pa kuvukia, kwa hiyo tulijua atatokea wapi. Kila kichuguu nilikuwa nakifahamu tangu nikiwa mtoto wa kutega kumbikumbi. Mle nyuma ndimo tulimolala.

Pili, wao hawakuja kupigana. Walitaka chakula, dawa na watoto, waondoke. Ukiwafyatulia hata risasi mbili kutoka mahali wasipopategemea, mara nyingi waligeuza njia. Hapo risasi kumi zilikuwa zinatosha.

Tatu, watu walituamini. Mama aliyejificha kwenye mtama alitoka saa nane usiku kutuambia amesikia kikohozi upande wa mtoni. Hapakuwa na simu za kutosha, na mtandao ulipatikana ukisimama juu ya kichuguu fulani kimoja tu. Habari zilikwenda kwa miguu na kwa baiskeli, na zilifika.

Jeshi nalo lilikuwepo, lilikuwa na helikopta, na sitalinyima haki yake. Lakini kwenye senta yetu, usiku, tulikuwa vijana 31.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta.

Ilikuwa Agosti. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, usiku ukawa na mwezi mdogo. Tulikuwa tisa, tumelala nyuma ya vichuguu viwili vinavyotazama kivuko. Afande alikuwa nasi usiku ule. Wakaja kama saa tisa, tukawasikia kabla ya kuwaona, maji yakifanya chwa, chwa, chwa. Afande alisubiri mpaka wa mbele walipotoka majini. Tukafyatua. Mimi nilitumia risasi nne. Wao wakajibu kwa nguvu, majani ya mwembe juu yetu yakawa yanaanguka kama mtu anatikisa, kisha wakarudi walikotoka. Nadhani yote haikuzidi dakika kumi.

Kukawa kimya. Halafu kutoka kwenye matete, sauti nyembamba ikaanza: "Toto. Toto."

Afande akanong'ona, "Anasema kuna mtoto. Ni mtego. Msiende." Kwake, kwa Kiswahili chake, toto ni mtoto. Lakini sisi wanane tulikuwa tumeganda. Kwa Kiteso, toto ni mama. Yule hakuwa anasema kuna mtoto. Alikuwa anamwita mama yake. Na alimwita kwa lugha yetu.

Nilijaribu kumweleza afande, Kiswahili kikanipotea chote. Nikabaki nasema, "Wetu. Afande, wetu." Mjomba hakungoja ruhusa. Alilala kifudifudi akatambaa na tope mpaka kwenye matete, akarudi anamburuta kwa kola. Mtoto wa miaka 13. Gambuti kubwa, zimejazwa majani ndani zisimvuke. Kiunoni ngozi ilikuwa imechubuka mzunguko mzima, alama ya kamba. Walikuwa wamemchukua Juni, siku za mwanzo. Miezi miwili tu, tayari wamempa bunduki na kumtanguliza mbele.

Risasi ilikuwa imempita begani. Tulikuwa tisa tuliofyatua. Sijui ni ya nani. Nilitumia nne.

Lindo linabadilishwa sasa, nitarudi kesho.

---

Nyar_Gulu

Nimekaa siku mbili nikifikiria kama niandike. Mimi ni Mwacholi. Kaka, simulizi yako imeniliza. Lakini nilikuwa mwanafunzi Soroti mwaka ule, na ilibidi niache kuongea lugha yangu sokoni. Kijana mmoja alinishika akaniambia, "Mwambie ndugu yako Kony." Kaka zangu wawili walichukuliwa na Kony kabla ninyi hamjamsikia. Watu wetu walikaa kambini miaka na miaka. Mlituona sote ni yeye.

---

MlinziWaYadi

Dada yangu, sina cha kukubishia. Ni kweli. Mimi mwenyewe nilisema maneno hayo mwaka ule, tena mbele ya watu. Tulikuwa tunasema, hivi ni vita vyao, wametuletea. Nilikuja kutulia baada ya kuona nyayo za watoto zikienda upande ule ule ambao nyayo za watoto wenu zilikuwa zimekwenda miaka mingi kabla yetu. Nakuomba radhi, na huyo kijana wa sokoni namwombea pia, ingawa simjui. Kaka zako walirudi?

---

Nyar_Gulu

Mmoja.

---

MlinziWaYadi

Pole, dada. Pole sana.

Kuna mtu amenitumia ujumbe pembeni akiuliza kama tuliwahi kukosea. Nimeona nijibu hapa hapa, maana nikiandika mazuri tu nitakuwa nawadanganya.

Tulikosea. Ilikuwa amri kwamba asivae mtu gambuti za adui aliyeuawa. Mwenzetu mmoja, jirani yetu, tulikuwa tunacheza naye mpira, alikuwa na kidonda cha mguu na kandambili zilikuwa zinamuumiza. Akazichukua. Akasema atazivaa usiku tu. Alfajiri moja akashuka mtoni kuchota maji bila kuaga. Lindo la pili likaona nyayo, ukingo mkali, mbichi. Wakazifuata kimya kimya kama tulivyofundishwa. Walimkuta ameinama na jerikeni.

Aliyefyatua yuko hai. Hajawahi kuvaa viatu vya mpira tena, hata shambani wakati wa mvua analima miguu mitupu. Mama wa marehemu alimsamehe mbele ya ukoo mzima, chungu cha ajon, pombe yetu ya ulezi, kikawekwa katikati, wakanywa kwa mirija kwenye chungu kimoja. Nilikuwepo. Yule mama alikunywa wa kwanza.

Na kuhusu malipo, niseme kabla hamjauliza. Tuliandikwa majina mara nyingi, na kila mwenye daftari aliahidi. Wengine walipata kitu, wengine waliingizwa jeshini. Kwenye senta yetu wengi hawakupata. Mjomba alifariki akiwa na karatasi yake imekunjwa ndani ya Biblia. Sitataja ofisi, lakini kama kuna anayehusika anasoma hapa, karatasi ile ipo.

Vita kwetu viliisha mwanzoni mwa 2004, walipokuwa wamesukumwa nje ya Teso. Sisi tulijua vimeisha siku kina mama waliporudi kupukuchua simsim uani, na vijana tukawa tunaogopa kulala ndani ya nyumba kwa kuwa tulishazoea vichuguu.

---

Dereva_wa_Usiku

Mkuu, usitutoke bila kusema. Yule mtoto alipona?

---

MlinziWaYadi

Alipona.

Tulimfunga bega kwa shati langu, tukamweka nyuma ya baiskeli na mwenzangu akiwa nyuma amemshikilia. Tuliondoka kabla ya jua. Kila tulipofika kwenye shimo alikuwa analia, halafu ananiomba msamaha kwa kulia, kwa sababu huko alikotoka ukilia unapigwa. Nilimwambia alie tu, barabara ni ndefu.

Mama yake alikuwa Soroti, kwenye varanda ya shule moja, tulimpata kwa kuuliza watu wa kijiji chao. Alikuwa ameshaambiwa mwanawe amekufa, na kichwa ameshanyoa. Alitusikiliza amesimama, mkono mmoja umeshika sufuria. Hakupiga kelele. Aliiweka ile sufuria chini polepole, akaifunika, ndipo akaanza kukimbia kuelekea hospitalini, sisi nyuma yake na baiskeli hatumpati.

Leo yule mtoto ana miaka 35, ana watoto watatu na anatengeneza baiskeli pale senta. Mkono wa kushoto haufiki juu ya kichwa. Uganda ilikuwa na sheria ya msamaha tangu mwaka 2000, na kwa mtoto kama yule hapakuwa hata na la kumsamehe, lakini karatasi za msamaha zilipotolewa alikwenda kupanga foleni na wakubwa, akaipata yake. Ameitundika dukani karibu na spoku.

Siku ile madereva waliposikiliza ile kesi nilimpigia simu. Hakuwa na habari. Nikamweleza: mashtaka 39, Lwala imetajwa. Akaniuliza, "Na kijiji chetu?" Nikamwambia kwa upande wetu nimesikia Lwala tu. Akanyamaza, nikasikia anapampu tairi la mtu. Kisha akaniuliza kama huku Malaba kuna mawingu, kwa kuwa wameanika njugu uani na mama yake hawezi tena kuzianua peke yake. Nikatoka nje ya kibanda nikatazama upande wa kwetu, nikamwambia aanze kuzianua.